Tano Mara Sifuri: Neno "Kuzidisha" na Kanuni Isiyoelezwa

Miongoni mwa kanuni za hisabati ambazo kila aliyepita shule ya msingi anazijua, imo moja isemayo kwamba namba yoyote ikizidishwa kwa sifuri, zao lake ni sifuri. Kanuni hii hukaririwa pamoja na jedwali la kuzidisha, na baada ya hapo aghalabu haiulizwi tena. Mwanafunzi mdadisi akitaka kujua sababu, huenda akajibiwa kwamba "sifuri humeza kila kitu", au kwamba "ndivyo ilivyo". Jibu la pili lina unyofu wake. La kwanza lina madhara, kama tutakavyoona.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini kanuni hiyo ni ya kweli, na kwa nini haiwezi kuwa vinginevyo. Lakini kwa kuwa jarida hili ni la istilahi, yafaa tuanze na maneno. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa jambo hili kwa msemaji wa Kiswahili haitokani na sifuri yenyewe. Hutokana na kitenzi tunachokitumia kuitaja kazi ya kuzidisha. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, kitenzi hicho kimeandikwa ubaoni na kunakiliwa madaftarini na vizazi kadhaa vya wanafunzi, na ni haki tukitazame kwa makini.

Kuzidi na kuzidisha

Katika Kiswahili cha kila siku, kuzidi ni kuwa zaidi, na kuzidisha ni kukifanya kitu kiwe zaidi ya kilivyokuwa, au hata zaidi ya inavyotakiwa. Mpishi huzidisha chumvi. Mwenye duka huzidisha bei wakati wa shida. Mgonjwa huonywa asizidishe dawa aliyoandikiwa. Katika mifano yote hiyo kitu kilikuwapo, kikaongezeka.

Hisabati ililichukua neno hilo ikalipa kazi ya pekee. Kwa namba nzima kuanzia mbili kwenda juu hapana ugomvi: tano ikizidishwa kwa mbili huwa kumi, na kumi ni zaidi ya tano. Tukifika kwenye moja, neno laanza kuchechemea, maana tano ikizidishwa kwa moja hubaki tano, na hapo hapana kilichozidi. Tukifika kwenye nusu, mambo yamegeuka kabisa, kwa sababu tano "imezidishwa" ikawa mbili na nusu. Na kwenye sifuri, tano "imezidishwa" hata haikusalia kitu.

Sasa tumtazame mwanafunzi aandikaye kwamba 5 × 0 = 5. Kosa hili linajulikana na kila mwalimu wa madarasa ya chini. Ni rahisi kulihesabu kuwa ni uzembe, lakini mtoto huyo amefanya kazi ambayo wasomaji wengi wa jarida hili huifanya kila siku: amefasiri. Amesoma "tano, zidisha kwa sifuri", akaelewa kwamba tano isizidishwe kwa chochote. Na kitu kisichozidishwa hubaki kama kilivyokuwa. Anayeambiwa asizidishe chumvi haimwagi ile iliyokwisha kutiwa chunguni. Kwa Kiswahili alichonyonya kwa mamaye, jibu lake ni sahihi. Ila amejibu swali jingine. Alichojibu ni 5 + 0.

Je, tulitupe neno hili? Sioni kwamba inafaa. Neno limekwisha kuota mizizi katika vitabu, katika mitihani na katika vinywa vya watu, na istilahi haibomolewi kwa kuwa tu maana yake ya kitaalamu imeachana na maana ya mtaani. "Tasa" ni mtu au mnyama asiyezaa, na bado namba tasa hazimpi mtu taabu. Linalotakiwa ni kwamba anayefundisha au kuandika asiutegemee uzito wa neno la mtaani kueleza dhana ya darasani. Pale maana hizo mbili zinapoachana, aseme wazi kwamba zimeachana.

Msaada uliomo katika neno "mara"

Kwa bahati njema, lugha yetu ina neno jingine kwa kazi hiyohiyo, nalo ni "mara". Neno hili lina tabia ambayo mwalimu angeweza kuitumia zaidi. Namba inayolifuata ndiyo inayotaja idadi ya matukio: nimekuita mara tatu, amefika mara mbili. Kwa hiyo "tano mara tatu", likisomwa Kiswahili hasa, ni tano iliyochukuliwa mara tatu, yaani 5 + 5 + 5. Na "tatu mara tano" ni tatu iliyochukuliwa mara tano, yaani 3 + 3 + 3 + 3 + 3. Majibu yote mawili ni kumi na tano, lakini picha ni mbili. Kwa kuwa wanafunzi wetu wamekwisha kuzoea kigawe na kigawo, huenda ikafaa namba ya kwanza tuiite kizidishwa na ya pili kizidisho. Natumia maneno hayo katika makala haya, bila ya kudai kwamba ndiyo yatakayodumu.

Tutie sifuri sasa. "Sifuri mara tano" haimsumbui mtu. Ni vikapu vitano vitupu vikimiminwa pamoja, 0 + 0 + 0 + 0 + 0, na kilichopatikana ni utupu. Taabu iko katika "tano mara sifuri". Hatusemi kwa kawaida, "Nimekwenda Tanga mara sifuri." Husemwa, "Sijakwenda Tanga hata mara moja." Yaani sifuri haikutajwa, imejificha katika ukanushi wa kitenzi, na maneno "hata mara moja" yamefunga mlango nyuma yake. Hii ndiyo njia ya asili ya Kiswahili kueleza kizidisho kilicho sifuri, na inashangaza kwamba wafasiri wa mazoezi ya hisabati hawaitumii sana. Mtoto akiambiwa: "Kila Asha aendapo shambani huleta nazi tano. Wiki hii hakwenda hata mara moja. Ameleta nazi ngapi?", hatajibu tano. Atasema hakuleta hata moja, na huenda akamshangaa muulizaji.

Mfano huu wa nazi unafichua jambo ambalo ubao huficha. Ubaoni tano imeandikwa kwanza, kwa hiyo mtoto huiona kama nazi tano zilizokwisha kuwapo mkononi, akauliza kwa haki: zimekwenda wapi? Ukweli ni kwamba hazijapata kuwapo. Tano ni kipimo cha kila safari, siyo akiba iliyokuwa imewekwa. Kazi ya kuzidisha huanza na mikono mitupu, kisha kila safari huongeza tano. Safari zisipokuwapo, mikono hubaki kama ilivyoanza. Ndiyo maana nimesema usemi wa "sifuri humeza" una madhara. Unamfanya mtoto aamini kwamba palikuwa na tano, na kwamba sifuri ni mnyama fulani aliyezila.

Uthibitisho wa kanuni

Neno "mara" hata hivyo lina mipaka yake. Hapana mtu aendaye shambani mara theluthi mbili, wala mara hasi nne. Kanuni nayo yasema "namba yoyote", na katika hizo zimo sehemu, namba hasi, desimali zisizokoma na nyinginezo ambazo hazihesabiki kwa safari. Lazima basi tutafute sababu isiyotegemea kuhesabu matukio.

Njia moja ipendwayo na walimu ni ya kushuka ngazi. 5 × 3 ni 15. 5 × 2 ni 10. 5 × 1 ni 5. Kila kizidisho kikipungua moja, zao hupungua tano. Hatua inayofuata ni 5 × 0, na mtu akitoa tano katika tano apata sifuri. Njia hii ni nzuri kwa macho, na inafaa sana darasani, lakini inadhani kwamba ngazi itaendelea kushuka vilevile. Anayebisha anaweza kuuliza: nani kasema?

Uthibitisho kamili hutumia mambo mawili tu ambayo hata mbishi atayakubali. La kwanza ni kwamba kujumlisha sifuri hakubadilishi kitu; kwa hiyo 0 + 0 = 0. La pili ni kanuni ambayo nitaiita kanuni ya kutawanya. Mchuuzi amepanga mafungu matano, na kila fungu lina maembe 2 na ndimu 3. Ukitaka kujua idadi ya matunda yote waweza kuhesabu matunda ya fungu moja, ambayo ni 5, ukazidisha kwa mafungu 5. Au waweza kuhesabu maembe peke yake, 10, na ndimu peke yake, 15, kisha ukajumlisha. Utapata 25 kwa njia zote mbili. Yaani 5 × (2 + 3) ni sawa na 5 × 2 + 5 × 3. Namba iliyo nje ya mabano imetawanywa kwa kila iliyomo ndani. Hakuna mchuuzi asiyeitumia kanuni hii, hata kama hajapata kuisikia ikitajwa.

Basi tuchukue namba yoyote, tuiite a. Hatujui bado a × 0 ni nini. Tunajua kwamba 0 ni sawa na 0 + 0. Kwa hiyo a × 0 ni sawa na a × (0 + 0). Tukitawanya, hiyo ni sawa na a × 0 + a × 0. Tuipe namba hiyo tusiyoijua jina la k, ili macho yasichoke. Tumepata kwamba k = k + k.

Hapa msomaji asiyependa alama anaweza kuzitupa akajiuliza hivi: ni mfuko gani ambao ukiongezewa kiasi kilekile kilichomo, kilichomo hakibadiliki? Mfuko wenye shilingi kumi utakuwa na ishirini. Mfuko wenye senti moja utakuwa na mbili. Anayedaiwa mia, deni lake likiongezewa jingine la kiasi hichohicho, atadaiwa mia mbili. Ni mfuko mtupu peke yake ambao hubaki vilevile. Kwa lugha ya hisabati, tukitoa k kila upande twapata 0 = k. Namba k ndiyo a × 0, kwa hiyo a × 0 = 0. Hatukuuliza kama a ni nzima au ni sehemu, chanya au hasi, na hatukutaja safari hata moja.

Tujaribu sasa kuwa wabishi. Tuseme baraza fulani limeamua kwamba kuanzia leo 5 × 0 iwe 5. Turudi kwa mchuuzi wetu, ambaye leo kila fungu lake lina maembe 2 na ndimu 0. Kwa njia ya kwanza ana matunda 5 × (2 + 0), yaani 5 × 2, ambayo ni 10. Kwa njia ya pili ana 5 × 2 + 5 × 0, yaani 10 na 5, ambayo ni 15. Maembe kumi yamekuwa matunda kumi na matano bila ya mtu kupanda mti. Anayetaka 5 × 0 iwe kitu kingine chochote kisichokuwa sifuri itamlazimu kuikana kanuni ya kutawanya, au akane kwamba kujumlisha sifuri hakubadilishi kitu. Kwa maneno mengine, kanuni ya sifuri haikutungwa na mtu ikaongezwa juu ya nyingine. Ilikuwa imo ndani yake tangu mwanzo.

Njia hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, jambo jingine linalokaririwa tu. Kwa kuwa 3 na hasi 3 zikijumlishwa ni sifuri, (−5) × (3 + (−3)) lazima iwe sifuri. Tukitawanya, hasi 15 na (−5) × (−3) zinapaswa kujumlishwa ziwe sifuri. Kwa hiyo (−5) × (−3) haina budi kuwa 15. Bila ya kanuni ya sifuri hatungefika hapo.

Jina lilikotoka, na kosa la zamani

Neno "sifuri", ambalo wengine hulitamka "sufuri", limetoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka sita, saba na tisa. Waarabu walilitumia neno hilo, lenye maana ya utupu, kufasiria neno la Kisanskriti lenye maana hiyohiyo, pale walipopokea tarakimu kutoka India. Kutoka kwa Waarabu lilivuka bahari likafika Italia, ambako Leonardo wa Pisa aliliandika kwa sura ya Kilatini katika kitabu chake cha mwaka 1202. Na katika vinywa vya Wataliano likafupishwa mpaka likawa "zero". Kwa hiyo kijana asemaye leo kwamba fulani "amepata ziro" katika mtihani, na mwalimu anayemsahihisha aseme "sifuri", wanatumia neno moja lililofika pwani yetu kwa njia mbili tofauti. Tuna na letu la asili: watangazaji wa mpira husema timu imeshinda mbili bila, na "bila" hiyo ni sifuri iliyo wazi kuliko zote mbili.

Kanuni yenyewe iliandikwa na Brahmagupta, mwanahisabati wa India, katika kitabu chake cha mwaka 628. Humo alieleza jinsi ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri, na katika hayo yote hakukosea. Alipofika kwenye kugawanya aliteleza, akasema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Yapata miaka mia mbili baadaye mwenzake Mahavira, katika karne ya 9, aliandika kwamba namba ikizidishwa kwa sifuri ni sifuri, lakini ikigawanywa kwa sifuri hubaki ilivyo.

Tusimame kidogo kwa Mahavira. Kugawanya kwa sifuri alikuchukua kama kutogawanya, na kisichogawanywa hubaki kizima. Ni hoja ileile ya mtoto wetu wa 5 × 0 = 5, imetolewa na mtu aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa zama zake, katika lugha ambayo haina udugu na Kiswahili. Katika karne ya 12 Bhaskara aliliona tatizo kwa namna nyingine, akasema namba ikigawanywa kwa sifuri huwa kitu kisicho na kikomo. Hata hilo halikukata shauri.

Shauri lilikatwa na kanuni tunayoijadili. Kugawanya ni kuuliza: namba gani ikizidishwa kwa kigawo itatoa namba hii? Nikiuliza 15 ÷ 5, natafuta namba ambayo mara 5 ni 15. Nikiuliza 5 ÷ 0, natafuta namba ambayo mara sifuri ni 5. Na tumekwisha kuthibitisha kwamba kila namba mara sifuri ni 0. Hakuna namba hiyo. Nikiuliza 0 ÷ 0, kila namba yafaa, kwa hiyo hapana jibu moja la kutolewa. Si kwamba kugawanya kwa sifuri "kumekatazwa", neno ambalo limo katika vitabu vingi na ambalo humfanya mwanafunzi adhani kuna mkubwa aliyekataza. Swali lenyewe halina jibu.

Hapa pia ndipo mahali pa kusisitiza neno "namba" katika kanuni yetu. Kitu kisicho na kikomo si namba kati ya namba hizi, na kanuni haikiahidi chochote. Waliotunga kiwango cha hesabu za kompyuta kiitwacho IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985, waliweka alama ya kitu kisicho na kikomo, na wakaamua kwamba sifuri ikizidishwa kwa alama hiyo jibu lisiwe sifuri. Mashine hutoa alama nyingine ambayo maana yake ni "si namba". Mfasiri anayekutana na maneno hayo katika kitabu cha programu asiyafikirie kuwa ni makosa ya uchapaji.

Vigawe, milinganyo na ofisi

Kwa watunga vitabu kuna jambo moja dogo la kuangalia. Kigawe cha namba ni zao la namba hiyo na namba nzima yoyote. Kwa maana hiyo sifuri ni kigawe cha kila namba, maana 0 ni 4 mara sifuri, na ni 6 mara sifuri, na ni namba yoyote mara sifuri. (Ndiyo sababu sifuri ni namba shufwa, ingawa wengi husita wakiulizwa.) Sasa kitabu kikisema kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika cha 4 na 6 ni namba iliyo ndogo kuliko zote katika vigawe vyao vya pamoja, kisiseme zaidi, jibu litakuwa 0, na litakuwa 0 kwa kila swali la namna hiyo. Mwanafunzi atakayeandika hivyo atakosolewa kwa kusoma fasili kama ilivyoandikwa. Yatosha kuongeza maneno mawili, "isiyo sifuri".

Kinyume cha kanuni nacho kina faida yake: zao la namba likiwa sifuri, mojawapo ya namba hizo lazima ni sifuri. Kwa hilo hufumbuliwa milinganyo mingi ya sekondari. Lakini kinyume hicho si kweli kila mahali. Katika hesabu za saa, ambamo kumi na mbili hurudi mwanzo, mshale ukisogea saa tatu mara nne utakuwa pale ulipoanza, ingawa tatu si sifuri wala nne si sifuri. Kanuni yenyewe, kwamba chochote mara sifuri ni sifuri, hubaki imara hata humo.

Nije kwa watumishi wa ofisi, ambao huenda wamevumilia alama nyingi mpaka hapa. Zao lililo sifuri lina tabia ya kufuta nyayo. Nikikuambia kwamba namba fulani mara 5 ni 35, waweza kunirudishia 7. Nikikuambia kwamba namba fulani mara sifuri ni 0, huwezi kunirudishia chochote. Tuchukue orodha ya malipo ya vibarua. Ujira ni shilingi 12,000 kwa siku. Safu ya siku za kazi huzidishwa kwa ujira, na malipo hupatikana. Kibarua mmoja amefanya kazi siku kumi na nane, lakini karatasi yake ya mahudhurio haijafika, kwa hiyo nafasi yake ni tupu. Karani, kwa kupenda unadhifu, anajaza 0. Kuzidisha kumefanyika sawasawa, malipo ni 0, na mkaguzi akipita haoni kosa lolote, kwa sababu hesabu haina kosa. Kosa liko katika neno. "Sifuri" husema: tumehesabu, hatukukuta kitu. Nafasi tupu husema: hatujahesabu. Kwa hiyo ningependekeza kwamba majedwali yetu ya serikali yatumie 0 kwa maana ya kwanza tu, na maneno "haijapokelewa" kwa maana ya pili, hata kama safu itaonekana mbaya. Mtu aliyeachwa bila ujira wa siku kumi na nane hafarijiwi na uzuri wa safu.

Tofauti ya namna hiyohiyo imo katika sheria za Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza kutozwa Tanzania Bara mwaka 1998. Bidhaa zinazouzwa nchi za nje hutozwa kodi hiyo kwa kiwango cha asilimia sifuri. Bidhaa nyingine zimesamehewa kodi. Kwa mnunuzi ni mamoja, kwani mauzo ya shilingi 1,000,000 mara asilimia sifuri ni sifuri, na aliyesamehewa naye halipi. Kwa muuzaji si mamoja kabisa. Yule wa kiwango cha sifuri yumo katika kodi, hesabu yake imefanywa ikatoa 0, na ana haki ya kudai kodi aliyoilipa aliponunua vifaa vya kazi yake. Muuzaji wa bidhaa zilizosamehewa hana haki hiyo kwa bidhaa hizo. Mfasiri atakayeandika "zisizotozwa kodi" kwa zote mbili atakuwa amemnyang'anya mfanyabiashara fedha kwa kalamu. Asilimia sifuri na isemwe "asilimia sifuri".

Iliyobaki ni fasili. Kwa kamusi na vitabu vya shule napendekeza kwamba kuzidisha, kwa maana ya hisabati, kuelezwe kuwa ni kutafuta zao la namba mbili. Kwamba kizidisho kikiwa namba nzima isiyo hasi, zao hupatikana kwa kuanzia sifuri na kujumlisha kizidishwa mara nyingi kama kizidisho kinavyotaja. Na kwamba zao laweza kuwa kubwa kuliko kizidishwa, kulingana nacho, au kuwa dogo. Maneno "kuanzia sifuri" yasiachwe. Na alama ×, inaposomwa kwa sauti mbele ya watoto wa madarasa mawili ya kwanza, isomwe "mara"; "zidisha kwa" laweza kungoja mpaka darasa la tatu, wakati mtoto amekwisha kuona kwa macho yake kwamba si kila kuzidisha huzidisha.